Toa maji kwenye filta ya dizeli kabla hujawasha lori

Maji na dizeli havielewani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lita ya dizeli ina gramu 830 hivi au 840, kwa hiyo ukiviacha vitulie kwenye chombo kimoja, maji yatashuka chini na dizeli itabaki juu. Filta ya lori inayotenga maji na dizeli inategemea jambo hilo. Ndiyo maana saa nzuri ya kufungua koki yake ni alfajiri, lori likiwa limelala usiku kucha na hakuna aliyeligusa. Ukishawasha injini, pampu ikaanza kuvuta na tangi likatikisika, maji yaliyokuwa yametulia yanavurugika. Madereva wengi hufanya kinyume. Wanafika jioni wamechoka, wanazima injini, hapohapo wanafungua koki, wanaona dizeli inatoka, wanafunga na kusema hamna maji. Maji yapo, ila bado yanaelea kama matone madogo, hayajashuka.

Kosa la pili, ambalo naliona baya kuliko hilo, ni kumwaga chini. Kinachotoka kwenye filta ndicho kinachokueleza hali ya tangi lako, na ukikimwagia mchangani umejinyima habari hiyo. Kimwagie kwenye chupa ya kioo.

Filta yenyewe ni ipi

Malori mengi yana filta mbili za mafuta. Ya kwanza hufungwa kwenye chesisi karibu na tangi, au ubavuni mwa injini, kabla ya pampu inayovuta mafuta. Hii ndiyo yenye bakuli chini, mara nyingi la plastiki unayoweza kuona ndani yake, na koki kitakoni. Kwa kawaida huchuja chembe za mikroni 10 hadi 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Filta ya pili iko mbele zaidi, inachuja chembe za mikroni 2 hadi 5, na ndiyo mlinzi wa mwisho kabla ya pampu kubwa na nozeli, yaani vipulizio vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini. Mwongozo huu unahusu ile ya kwanza. Kama bakuli lako ni la chuma, kazi ni ileile, ila hutaona kitu mpaka kifike kwenye chupa.

Karatasi ya ndani imetiwa dawa inayokataa maji. Matone yakigonga karatasi hayapiti, yanaungana na mengine, na yakishakuwa mazito yanaporomoka kwenye bakuli. Ndani ya bakuli kuna sensa yenye ncha mbili. Dizeli haipitishi umeme kati ya ncha hizo, maji yanapitisha. Maji yakipanda hadi hapo, taa inawaka kwenye dashibodi. Kwa hiyo taa haikuambii kwamba maji yameanza kuingia. Inakuambia bakuli limefika kiwango ambacho ukiendelea, yatapita.

Na yakipita? Pampu ya injini ya komoni reli, ile ya kisasa yenye paipu moja ya shinikizo kubwa inayolisha nozeli zote, husukuma dizeli kwa nguvu ya bar (kipimo cha shinikizo) 1,600, 2,000, nyingine zaidi ya hapo, na kinacholainisha vyuma vyake ni dizeli yenyewe. Maji hayalainishi. Vyuma vinasagana, kutu inaanza, na tone likifika kwenye ncha ya nozeli iliyo moto linageuka mvuke ghafla na kuila ncha hiyo. Aliyewahi kununua nozeli za injini ya aina hii hahitaji kuhimizwa kumwaga maji.

Unachohitaji

Kwa kumwaga tu: chupa ya kioo ya lita moja yenye mdomo mpana, beseni la kukinga matone, tambara safi lisilotoa nyuzi, glavu za nitraili, miwani ya kazi na tochi. Ukitaka kufungua bakuli na kulisafisha, ongeza spana ya mkanda au mnyororo ya filta, brashi laini, lita mbili za dizeli safi unayoiamini, filta mpya na oringi zake (pete za mpira za kuzibia) zote mpya. Usianze kufungua kabla filta mpya haijawa mkononi, na uhakikishe namba yake inafanana na ya zamani. Filta inayoingia kwenye nyuzi za skrubu si lazima iwe ndiyo yenyewe.

Kumwaga maji

1. Egesha pakavu na tambarare, funga handibreki, weka choki (vizuizi) kwenye magurudumu, zima injini na utoe ufunguo. Kama ndiyo umeingia kutoka safarini, subiri. Mvuke wa dizeli unaweza kushika moto dizeli ikifika nyuzi joto 55 hivi, na turbo au eksozi ya lori lililotoka kupanda mlima ina joto mara nyingi ya hilo. Sigara ikae mbali.

2. Futa koki na sehemu ya chini ya bakuli kabla hujagusa chochote. Mchanga ulioganda kwenye mdomo wa koki ndio utakaokufanya baadaye ulalamike kwamba koki haifungi vizuri.

3. Weka beseni chini, chupa juu ya beseni. Kama koki ina chuchu, vesha mpira mfupi ili usimwagikie mkononi.

4. Fungua koki kwa vidole. Nyingi huzungushwa kinyume cha saa, lakini kumbuka unaitazama kutoka chini, na hapo ndipo watu wanapoikaza wakidhani wanaifungua. Baadhi yake husukumwa juu kwanza ndipo zizunguke. Usitumie plaisi. Koki ni ya plastiki na bakuli ni la plastiki. Kimoja kikivunjika ukiwa njiani, hapo ndipo utakapolala.

5. Hakitoki kitu? Usiilaumu koki bado. Filta hii iko upande wa kuvutia, na ikiwa imefungwa juu kuliko usawa wa mafuta yaliyomo tangini, hakuna kinachosukuma maji yatoke. Ni kama mrija uliojaa maji huku umeziba tundu la juu kwa kidole: hata uuning'inize, maji hayadondoki. Legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kichwa cha filta, au bonyeza pampu ya mkono taratibu mara kadhaa kama ipo kichwani hapo, na maji yatashuka. Tangi likiwa limejaa na liko juu ya filta, hutahitaji yote hayo, itatiririka yenyewe.

6. Tazama mkondo. Maji hutoka kwanza, mepesi na yasiyo na mng'ao. Kisha utaona mkondo umebadilika rangi na umeanza kuteleza kama mafuta. Hapo hesabu kidogo, kisha funga. Kikombe kimoja kwa kawaida kinatosha. Ukiliachia bakuli lote likauke umeingiza upepo kwenye mfumo, na utalazimika kuutoa.

7. Kaza koki kwa vidole tu. Ikiendelea kudondosha, ifungue tena wazi kabisa kwa sekunde moja ili mkondo ufagie chembe iliyokwama, kisha funga. Mara nyingi hilo linamaliza.

8. Funga skrubu ya upepo kama uliilegeza, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, washa injini, iache ingurume dakika chache huku ukimulika tochi kwenye koki na kwenye maungio.

Zoezi zima ni dakika kumi. Lori linalofanya kazi kila siku lipewe dakika hizo kila asubuhi, au angalau kila baada ya kujaza mafuta mahali usipopajua. Taa ikiwaka njiani, usisubiri asubuhi. Egesha, acha litulie kadiri hali inavyokuruhusu, umwage.

Soma chupa

Funika chupa, iweke mahali tulivu kwa dakika 20. Mstari utajichora wenyewe: maji chini, dizeli juu. Kama hauonekani vizuri, weka karatasi nyeupe nyuma ya chupa na umulike kwa pembeni.

Kuna mtego hapa uliowahi kuninasa. Chupa ilijaa kitu kimoja chenye rangi ya manjano, hakuna mstari wowote, nikajiambia hii ni dizeli tupu, nikafunga na kuondoka. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi lori likaanza kukohoa. Chupa nzima ilikuwa maji yaliyochukua rangi ya kutu, na kwa vile hayakuwa na dizeli juu yake, hakukuwa na mstari wa kuuona. Tangu siku hiyo nina desturi ya kudondoshea tone la maji safi kwenye chupa isiyo na mstari. Tone likishuka hadi chini kama shanga na kukaa hapo, kilichomo ni dizeli. Likipotea, umejaza chupa ya maji na bado hujamaliza kumwaga.

Kijiko kimoja au viwili vya maji baada ya siku kadhaa si jambo la kukukosesha usingizi. Tangi lililo nusu hupumua hewa. Usiku ukipoa, unyevu wa hewa hiyo huganda kama umande kwenye kuta za ndani na kuteremka. Lakini ukipata nusu glasi leo, na kesho nusu glasi tena, filta siyo tatizo. Tatizo liko tangini au ulikojaza, na kumwaga kila asubuhi ni kukinga paa linalovuja kwa ndoo.

Izungushe chupa taratibu kama unayekoroga chai, kisha iache. Uchafu utakusanyika katikati ya kitako. Vumbi jekundu ni kutu, ya tangi au ya pipa la kuhifadhia. Chembe zinazong'aa ni chuma. Zikionekana kwenye filta ya kwanza, mwonyeshe fundi kabla ya safari. Ute mweusi au wa kahawia, unaonata kama makamasi na wakati mwingine unaonuka kitu kilichooza, ni viumbe hai. Ukungu uitwao Hormoconis resinae na wenzake huishi pale maji na dizeli vinapokutana: wanakunywa maji, wanakula dizeli. Kuubadilishia filta hakutoshi, kwa sababu mji wao uko tangini. Tangi lisafishwe, litiwe dawa ya kuua vimelea vya dizeli, na ujiandae kubadilisha filta mara mbili tatu, maana mizoga yao ndiyo itakayoziba filta zinazofuata.

Dizeli iliyofifia kama maziwa mepesi ina maji yaliyochanganyika kwa matone madogo mno. Haya ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko maji yaliyojitenga, maana mengine hupita filta bila kukamatwa. Iache chupa saa kadhaa. Ikitakata na mstari ukatokea, ilikuwa imevurugwa tu. Ikibaki imefifia hadi siku ya pili, usiitumie dizeli hiyo. Na usikubali ushauri wa kumimina spiriti tangini ili "ichukue maji." Inayachukua kweli, na kuyapeleka moja kwa moja kwenye nozeli.

Kufungua bakuli na kulisafisha

Hii si kazi ya kila asubuhi. Ifanye unapobadilisha filta kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha lori, au pale ambapo chupa imekuonyesha ute na kutu.

Mwaga bakuli lote kwanza. Chomoa plagi ya sensa kwa kubana kishikio chake, si kwa kuvuta waya. Kama tangi liko juu ya filta na kuna koki ya kuzuia mafuta kwenye paipu, ifunge. Sasa legeza filta kwa spana ya mkanda ukishika mwili wa filta wenyewe, kamwe usishike bakuli. Filta na bakuli vikitoka pamoja, vipeleke mezani ndipo uvitenganishe. Chungulia kwenye kichwa cha filta: oringi ya zamani hupenda kubaki imeganda huko, na ukifunga mpya juu yake, itavuja bila wewe kujua sababu.

Osha bakuli kwa dizeli safi na brashi laini. Petroli, tina na dawa za kutoa rangi viache. Vinaifanya plastiki ififie, na baadaye inapasuka nyufa ndogo kama utando wa buibui, hasa kuzunguka koki. Maji ya sabuni yanatoa ute vizuri, lakini ukiyatumia, suuza na ulikaushe bakuli hadi mwisho, kisha lipitishie dizeli. Futa ncha za sensa kwa tambara. Usizikwangue kwa msasa. Inua bakuli kwenye mwanga ulikague. Lenye ufa halina matengenezo wala gundi, ni la kutupa.

Karatasi ya filta haioshwi. Najua wapo wanaoipuliza kwa kompresa na kuirudisha, wakisema imekuwa kama mpya. Upepo wa kompresa unatoboa karatasi matundu usiyoyaona na kusukuma uchafu upande uliokuwa safi. Filta iliyotoboka ni mbaya kuliko iliyoziba, kwa sababu iliyoziba itakusimamisha, na iliyotoboka itakuacha uende.

Unapofunga, paka oringi mpya dizeli safi au mafuta ya injini safi kidogo. Oringi kavu hujikunja inapozungushwa. Rudisha sensa na koki kwenye bakuli, funga bakuli kwenye filta mpya kwa mkono, kisha zungusha filta kwenye kichwa mpaka mpira wake uguse. Kutoka hapo ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyochapwa kwenye filta yenyewe. Basi. Spana ni ya kufungulia, si ya kukazia.

Wengine huijaza filta dizeli kabla ya kuifunga ili stata isiteseke. Kwa filta hii ya kwanza si vibaya kama dizeli ni safi, na imiminwe kwenye matundu madogo ya pembeni, siyo tundu la katikati, kwa sababu la katikati ni njia ya kutokea na chochote utakachomimina humo hakijachujwa. Filta ya pili, ile ya karibu na pampu kubwa, usiijaze kwa mkono kabisa. Iache ijazwe na pampu.

Kutoa upepo

Legeza skrubu ya upepo kwenye kichwa cha filta, zungushia tambara, piga pampu ya mkono. Kwanza utasikia hewa ikifoka, kisha povu, kisha dizeli yenye mapovu, halafu dizeli tupu. Kaza skrubu wakati dizeli bado inatoka. Endelea kupiga mpaka pampu iwe ngumu. Malori mengine yana pampu ya umeme. Kwa hayo, washa swichi bila kupiga stata, subiri pampu inyamaze, zima, rudia mara tatu au nne.

Ukipiga stata, usizidishe sekunde 30 kwa mara moja, kisha ipumzishe dakika mbili. Isipowaka baada ya mara tatu rudi kwenye pampu ya mkono, bado kuna upepo.

Onyo moja ambalo halina mjadala: kwenye injini ya komoni reli usilegeze paipu za chuma za nozeli ili "kutoa upepo" kama tulivyozoea kwenye injini za zamani, na usipapase kwa mkono kutafuta inapovuja injini ikiwa inazunguka. Mkondo wa dizeli kwa nguvu ile hupenya ngozi na glavu pia. Jeraha huonekana kama nukta ndogo isiyouma sana, na hapo ndipo watu hupuuza. Ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Ikigoma baada ya kazi

Lori linawaka vizuri mchana, lakini asubuhi linasumbua stata? Kuna mahali linavuta upepo. Hapa wengi huzunguka wakitafuta dizeli inayodondoka, na hawaioni, kwa sababu upande wa kuvutia hauvuji nje: injini ikizunguka unanyonya hewa kuingia ndani, na usiku mafuta yanarudi tangini polepole. Tazama bakuli injini ikiwa imewashwa. Mapovu yanayopanda mfululizo yanamaanisha kuna mlango uliobaki wazi. Anza na ulivyovigusa mwenyewe: koki, skrubu ya upepo, oringi ya bakuli, mpira wa filta. Ndipo uende kwenye paipu.

Taa ya maji ikibaki imewaka ilhali bakuli ni safi, chomoa plagi ya sensa uangalie. Mara nyingi utakuta vipini vyake vimeota unga wa kijani au plagi imelowa. Kausha, safisha, rudisha, zima swichi na uwashe tena. Kama ni sensa imekufa, ibadilishe. Usiizoee taa inayowaka ovyo, maana siku itakayosema kweli hutaisikiliza.

Na kama kila asubuhi chupa inatoa maji, shuka chini ya tangi. Lina bolti ya kumwagia kitakoni. Acha lori lilale usiku mafuta yakiwa kidogo, legeza bolti hiyo asubuhi juu ya beseni kubwa mpaka itoke dizeli safi, kisha ikaze ukiwa umeiwekea washa (pete ya kuzibia) mpya. Kagua mpira wa mfuniko wa tangi, hasa kama lori huoshwa kwa maji ya presha. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, ili hewa ya kuganda umande ibaki kidogo. Unaponyonya mafuta kwenye pipa, mpira wa pampu usifike kitakoni. Uache sentimita kumi za chini, humo ndimo maji yanamolala.

Kilichotoka usikirudishe tangini, hata ile dizeli ya juu inayoonekana safi. Usikimwage mtaroni pia. Kiweke kwenye dumu lenye mfuniko pamoja na mafuta machafu ya injini, likijaa lipeleke kwa wanaokusanya mafuta hayo. Chupa ya leo ibandike karatasi yenye tarehe na kilomita, uiweke ilipo hadi utakapomwaga tena, uzipange mbili pamoja uone mstari wa maji umepanda au umeshuka.